Mkoba Alioufunga Mtani

Suva, Jumatatu 6 Februari 2017

Mtani wangu Ilaitia, tabibu wa watu wasiougua,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Miguu imezoea mawe ya Uarabuni, au bado unatembea kama bata kwenye changarawe? Mama hajambo, presha yake imetulia. Mjomba, yaani baba yako, nilimwona jana kanisani akisinzia katikati ya mahubiri, kwa hiyo naye ni mzima. Wanangu wanne wanakusalimu na wanataka uwaletee ngamia. Mdogo wao amemchora juu ya bahasha hii, yule unayemdhani ni mbuzi.

Sasa nisikilize. Mkoba wa utabibu ulimoikuta barua hii nimeupakia mimi mwenyewe hapa stoo ya kambi, na sahihi kwenye orodha ni yangu. Najua tabia yako. Mkoba ukifika tu unakata lakiri, unamwaga kila kitu kitandani na kuhesabu glavu moja moja kama bi harusi anayehesabu shuka zake. Ndiyo maana nimeiweka barua juu kabisa, uisome kabla hujaanza kunitukana.

Kuna vitu vimepungua. Wiki jana mkuu wa kijiji chetu, Mzee Sakiusa, alinijia hadi nyumbani na fungu la mizizi ya yaqona, kile kinywaji chetu cha heshima, akaketi mkekani, akapiga makofi, akaomba. Timu yetu ya raga inakwenda mashindanoni na haina hata pamba. Mtu akikujia hivyo unamwambiaje hapana? Ningesema hapana halafu nihamie wapi, mwezini? Mikoba ya watu wengine sikuigusa, huo ungekuwa wizi. Wako ni jambo jingine. Mama yangu katoka nyumba yenu, mimi ni mpwa wa nyumba hiyo, na tangu lini mpwa akabisha hodi kuchukua cha kwa mjomba?

Basi nimetoa mikanda mitatu ya kuzuia damu, nimekuachia mmoja. Nimetoa bandeji kubwa zote isipokuwa mbili, na ule mkasi wa kukatia nguo, maana ni mkasi mzuri kweli. Fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma ni vipya, sijavigusa. Shehena ikifika mwezi ujao nakurudishia vyote. Huko kwenu ni kulinda amani tu, mtu akiumia sana kaungua na chai.

Usinune. Ukinuna nitamweleza mchumba wako ulivyolia siku ya kudungwa sindano.

Mtani wako,
Netani


Suva, Jumapili 12 Machi 2017

Mtani,

Habari za siku nyingi? Uko hai, au umeolewa huko? Sisi huku wazima, isipokuwa Mama anakohoa kidogo na paka wa jirani amekufa.

Zaidi ya mwezi sasa, hata mstari mmoja. Umenuna kweli? Nilijua utapiga kelele, sikujua utanyamaza. Haya, nakupa habari ya kukulainisha: tumechukua kombe! Winga wetu alipasuka nyusi kipindi cha kwanza, wakamfunga bandeji yako kichwa kizima, akarudi uwanjani na kufunga mara mbili. Kijiji kizima kinajua bandeji ilitoka kwa Ilaitia. Mzee Sakiusa alikutaja kwenye hotuba, akasema una moyo mkubwa. Nilikaa kimya nikaona usifiwe.

Shehena imechelewa bandarini. Ikitoka tu, vitu vyako vinapanda ndege ya kwanza. Niandikie basi, hata matusi.

Mtani wako aliyechoka kusubiri,
Netani


Kituo Na. 9, Jumatano 29 Machi 2017

Netani,

Shangazi hajambo? Kikohozi kimepungua? Msalimie sana, na watoto pia. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu ninazo.

Barua yako ya Machi nimeipata. Ya Februari pia nimeipata, na nitakueleza nilivyoipata.

Jumamosi ya tarehe 18, saa nne asubuhi, gari letu la mbele lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini, la vita vya zamani. Walioumia ni wawili. Luteni Tevita alikatika mguu chini ya goti. Peceli, askari wa kisiwa cha Kadavu aliyekuwa akiimba sauti nzito kwenye kwaya yetu, alichanika miguu yote miwili. Nilitoka gari la nyuma nikakimbia na mkoba wako mgongoni. Nikakata lakiri, nikaingiza mkono juu kulia, mahali mikanda inapokaa, mahali ambapo mkono unapajua hata macho yakiwa yamefumba. Nikatoa bahasha yenye ngamia.

Nilidhani nimekosea mfuko. Nikapekua tena, nikapata mkanda mmoja. Nikamwaga vyote chini. Mmoja, Netani! Orodha inasema minne, chini yake sahihi yako.

Luteni alikuwa karibu nami zaidi, nikamfunga yeye. Peceli nilimfunga mguu mmoja kwa mkanda wa suruali yangu na kijiti. Mwingine niliukalia kwa goti. Suruali yake niliichana kwa meno maana mkasi mzuri uko kwenye raga. Bandeji mbili zililowa kabla sijamaliza kuzizungusha. Mkanda wa suruali unateleza ukilowa damu, na ukiteleza unaanza upya. Helikopta ilikuja baada ya dakika arobaini. Luteni yuko hospitali, anakula. Peceli hakufika.

Unajua kwa nini sikuufungua mkoba Februari? Mikoba ya matabibu wenzangu wawili niliimwaga kitandani siku ileile ilipofika, nikahesabu kila kitu kama ulivyosema. Kwenye wako niliiona sahihi, nikacheka, nikauning'iniza ukutani. Nikasema huu kaufunga mtani, kuukagua ni kumtukana. Wewe ulichukua vyangu kwa sababu mimi ni wako. Mimi sikukagua kwa sababu wewe ni wangu. Peceli hakuwa na undugu nasi hata kidogo.

Wachunguzi wamekwisha kuja. Wanauliza mikanda mitatu iko wapi. Barua yako ilichomwa hospitalini pamoja na vitambaa vya damu, pale barabarani sikupata nafasi ya kuisoma. Niliipitia yote usiku wa kumwosha Peceli, kisha wakaikusanya na vingine. Sina cha kuwaonyesha. Wanadhani nimeuza.

Na usiniite mtani. Sina utani na mtu.

Ilaitia


Suva, Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili 2017

Ndugu yangu Ilaitia,

Amani iwe nawe. Natumai unapata usingizi. Mimi siupati. Mama anauliza kwa nini sili, namwambia tumbo.

Nimelia mpaka mke wangu akadhani nimepata wazimu. Sijui niseme nini, kwa hiyo nakuambia tulichofanya. Nilikwenda kwa Mzee Sakiusa nikamweleza yote. Aliita wazee, wakatafuta jino la nyangumi la kuombea msamaha, kubwa, la kamba nyekundu, na Alhamisi tulikwenda sote kwa mjomba. Tulipiga magoti mlangoni kwake, mimi mbele. Mzee Sakiusa alisema maneno yote kama yanavyotakiwa. Mjomba akanyoosha mikono akalipokea kwa niaba yako. Tukalia pamoja. Akachinja nguruwe, tukapika shimoni na magimbi, tukanywa yaqona bakuli kwa bakuli hadi jioni. Wazee wote walisema jambo limekwisha.

Sasa nakuomba, na naomba nikiwa nimeinama. Barua imeungua. Waambie wachunguzi kwamba mkoba ulifunguka safarini, lakiri ilikatika uwanja wa ndege, jambo kama hilo hutokea. Nikitajwa nafukuzwa, na nyumba hii ni ya kambi. Watoto wanne nitawapeleka wapi? Na jina la Mzee Sakiusa litaburutwa magazetini kwa sababu ya bandeji.

Tumekwisha patana, Ilaitia. Baba yako amelipokea.

Ndugu yako,
Netani


Kituo Na. 9, Jumanne 2 Mei 2017

Netani,

Shangazi hajambo? Mwambie asile chumvi.

Mlikula nguruwe! Nimeisoma barua yako mara nne na kila mara nakwama hapo hapo. Mtu kafa, nanyi mmekaa kwenye mikeka mkinywa bakuli hadi jioni mkasameheana ninyi kwa ninyi. Nani kati yenu alikatika mguu? Nani alizika? Mlikwenda kwa baba yangu kwa sababu baba yangu ni mjomba wako, anakupenda, na mlijua atanyoosha mikono. Mlichagua mlango mlio na hakika utafunguliwa. Mama yake Peceli yuko Kadavu, meli inakwenda kila wiki, na hakuna hata mzee mmoja aliyekumbuka jina lake!

Unanifundisha uongo wa lakiri. Lakiri niliikata mimi, mbele ya askari sita, na vidole vyangu vilikuwa vinateleza. Usinifundishe.

Haya, sikiliza sasa. Baba amelipokea, na mimi simvunjii baba heshima. Kwa hiyo mdomo wangu hautakutaja. Wachunguzi wameniuliza nani alipakia, nimewaambia sahihi ipo, someni. Wakasema sahihi inathibitisha mikanda ilikuwa minne ilipotoka Suva. Mwisho wa mwezi huu watanivua alama ya utabibu na kunirudisha nyumbani kama mtu aliyeuza vifaa vya majeruhi. Na hiyo ndiyo karatasi atakayosomewa yule mama: kwamba mwanawe alikufa kwa sababu tabibu wake ni mwizi. Mimi niliyemkalia mguu kwa goti dakika arobaini!

Nenda Kadavu. Nenda wewe, si wazee. Usimchukue Mzee Sakiusa akaseme maneno mazuri kwa niaba yako. Mama anaitwa Akosita. Mwambie ulichofanya, kisha rudi ukamwambie kamanda. Kama huwezi, nyamaza, nami nitavuliwa, na watoto wako watalala kwenye nyumba ya kambi. Lakini usiniandikie tena habari za watoto. Peceli alikuwa na miaka ishirini na mbili, naye ni mtoto wa mtu.

Ilaitia


Mahabusu ya kambi, Suva, Jumapili 28 Mei 2017

Ilaitia,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mama hajambo, anakuja kuniona kila siku ya kutembelea, ananiletea mihogo na hanisemeshi. Mke wangu na watoto wamekwenda kwa wazazi wake.

Nilikwenda Kadavu. Mzee Sakiusa alitaka kuja, nikamkatalia, ni mara ya kwanza maishani kumkatalia kitu. Nilibeba jino jingine la nyangumi, maana sikujua mtu anaingiaje kwenye nyumba kama ile mikono mitupu.

Bibi Akosita alikuwa anasuka mkeka. Alidhani natoka serikalini kuhusu mafao. Nilipiga magoti nikamweleza tangu Mzee Sakiusa alipoketi kwangu, sikuruka kitu, hata mkasi, hata kombe, hata lile neno langu la kuungua na chai. Ilaitia, hakuwa anajua! Alikuwa ameambiwa bomu, basi. Alikuwa amekwisha kujiambia ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikamwingilia na mikanda mitatu.

Akaniuliza, "Huyo mwenzako alimfunga nani kwanza?"

Nikamwambia Luteni, kwa sababu alikuwa karibu.

"Na mwanangu aliona?"

Nikasema sijui. Nikasogeza jino mbele yake, nikasema yale maneno vibaya, nikiyachanganya. Alilitazama, kisha akatazama mlangoni. Jirani zake walikuwa wamejaa mlangoni. Akanyoosha mikono akalipokea, akaliweka mapajani, kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyesamehe hata kidogo:

"Nimelipokea, wewe, usinitazame hivyo. Nisipolipokea mimi ndiye nitakayesemwa kijiji kizima kuwa nina roho mbaya. Sasa wewe umekwisha kuomba, mimi nimekwisha kusamehe, na hata saa moja haijapita tangu nijue. Hasira yangu niipeleke wapi? Niambie! Wewe unayejua kupanga vitu mahali pake."

Akanipa samaki wa nazi na magimbi, kwa sababu mgeni hatoki na njaa, akaketi akinitazama nikila mpaka sahani ikaisha.

Niliposhuka melini sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa kamanda na mchanga kwenye viatu. Nilimwambia yote, akaita karani, nikarudia yote yakaandikwa. Nilipomaliza akaniuliza kama kuna ninachoomba. Nikasema hakuna, na nilimaanisha. Wewe hutavuliwa. Karatasi yako imerekebishwa, nimeiona kwa macho yangu.

Nina ujumbe mmoja, nami nauleta kama nilivyopewa. Bibi Akosita aliniita nikiwa nimekwisha shuka ngazi. Anasema ukimaliza zamu na kurudi mwezi wa nane uende kwake, anajua kwamba mkoba ulikuwa ukutani kwako wiki tano na hukuufungua, maana hilo nalo nilimweleza. Anasema wewe bado hujamwomba msamaha, kwa hiyo wewe bado anaweza kukukasirikia. Anataka ukae mbele yake umsikilize mpaka amalize.

Anaomba usipeleke jino.

Mtoto wa shangazi yako,
Netani