Arishi la Al Qabil

Jumamosi, 2 Agosti
Nimefungua tanuri asubuhi. Mitungi miwili imepasuka, mingine salama. Nilikuwa bado napangusa majivu Nasra alipoingia na mgeni. Bila kupiga simu, kama kawaida ya mdogo wangu.

Mgeni anaitwa Dina. Myahudi, wazee wake wa Moroko, yeye kakulia Manchester. Kiarabu chake kizuri. Anatayarisha maonyesho ya sanaa huko kwao, kazi za wasanii wa kila namna, zote zitokane na sikukuu zao za miezi inayokuja, joto likivunjika: mwaka mpya, siku ya kufunga na kutubu, na ile wiki wanayokaa kwenye vibanda.

Alikuja Oman, mpaka hapa Bahla, kuona kazi yangu. Yangu mimi. Mtu mmoja Maskati alimwambia nafinyanga makomamanga ya udongo, na kwao mwaka mpya huliwa komamanga. Nasra, naye msanii, siku hiyo alikuwa dereva tu. Dina aliyashika, akayageuzageuza, akasema mazuri sana. Akanywa kahawa. Wakaondoka pamoja kurudi Nizwa.

Nimefagia karakana yote. Haikuwa chafu.

Jumatatu, 4 Agosti
Nasra kapiga simu. Dina kamchagua yeye.

Ati njiani Dina alimweleza habari ya vibanda. Wazee wao walipotoka Misri walikaa vibandani jangwani, na mpaka leo kila mwaka hujenga kimoja, paa la majani, na nyota lazima zionekane. Nasra akasema hata sisi tunacho. Akamsimulia arishi, kibanda cha shambani kwa jamaa zetu Al Qabil: makuti ya mtende, upepo unaopenya, bibi akitandika mkeka, nyota juu.

Hadithi ile ni yangu. Mimi ndiye niliyelala kwenye arishi lile nilipokuwa mdogo. Mimi ndiye niliyemsimulia yeye, alipokuwa anaogopa giza. Nasra hajapata kulala mahali pasipo kiyoyozi.

Nilimwambia hongera. Nadhani ilisikika vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti
Chakula cha mchana kwa Mama, Nizwa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka. Hakuna kilichozungumzwa ila Nasra.

Mjomba hakupendezwa. Alisema na habari zilivyo siku hizi watu watatuuliza tunafanya nini na Mayahudi. Mama akamjibu kwamba yule mgeni alikula kwetu, akaosha vyombo, na yeye hana ugomvi naye. Mjomba akarudi kwenye samaki wake.

Nilitamani aendelee. Nimeandika hivyo na sifuti.

Mama mwenyewe hakusema kitu juu ya arishi. Nasra alipolitaja aliinuka kwenda kutia chai, na vikombe vyetu vilikuwa vimejaa.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimeiona kazi. Nilipita kwake makusudi, nikasema naleta halwa.

Hachori. Anapaka dawa kwenye kitambaa cheupe, anatandaza makuti juu yake, anaacha uwanjani, jua linafanya kazi. Akisuuza, kitambaa kinatoka buluu iliyoiva na kivuli cha kila jani kimebaki cheupe. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa kuta. Paa litakuwa makuti yenyewe. Mtu ataingia, atalala mkekani, atatazama juu.

Nilitaka iwe mbaya. Si mbaya. Nilisimama kwenye uwanja wake, vitambaa vimeanikwa pande zote, sikutaka kuondoka. Ningeweza kuifanya mimi. Uongo: nisingeweza. Ila lile arishi ni langu.

Kaniuliza paa la arishi lilikuwa na urefu gani. Nimemwambia sikumbuki.

Ijumaa, 5 Septemba
Andika kama ilivyokuwa, Zuwena.

Tulikwenda Al Qabil sote, Nasra ajaribu kukisimamisha kibanda shambani kwa Ammi Said, binamu yake Mama. Dina alikuja kupiga picha. Kilisimama vizuri. Mwanga ulipita kwenye buluu ukatumwagikia mikononi. Hata Ammi Said alitabasamu.

Tukala chini, sinia moja. Dina akamwomba Nasra amsimulie tena. Nasra akaanza, kwa Kiarabu: “Mimi na dada yangu tulipokuwa tunalala hapa…”

Tulipokuwa. Neno hilo ndilo.

Nikamkatiza, kwa Kiarabu vilevile, Dina asikose hata herufi: “Nasra hakulala hapa hata siku moja. Hiyo ni hadithi yangu. Kaichukua kama anavyochukua kila kitu.”

Nasra alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sinia. Dina alitazama chini. Ndipo Mama akasema, kwa Kiswahili, maana Ammi Said hakijui:

“Hakuna hata mmoja wenu aliyelala humo. Lile arishi lilivunjwa kabla mimi sijaolewa.”

Nikamwambia nakumbuka. Akasema ninachokikumbuka ni masimulizi yake.

Akatueleza, taratibu, huku akichambua samaki kama anayetaja habari za soko. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiyo kwanza wametoka Unguja, yeye na wazee wake na masanduku. Walifikia hapa, kwa baba yake Ammi Said. Nyumba ilikuwa na vyumba. Wakaambiwa imejaa. Wakapewa arishi, karibu na zizi la mbuzi, joto lote mpaka baridi ikaingia. Watoto wa hapa walikicheka Kiarabu chao. Bibi alikuwa akilia, akimwambia mwanawe ahesabu nyota ili asimsikie.

“Nyota nilikuambieni,” alisema Mama. “Kilio sikukuambieni.”

Kisha akamgeukia Ammi Said, akamwambia kwa Kiarabu kwamba wali wake mzuri.

Jumamosi, 6 Septemba
Sikugusa udongo. Naona haya.

Na chini ya haya kuna kibaya zaidi. Nafurahi kwamba hata Nasra hana hadithi sasa.

Harufu ya makuti ya lile arishi bado naisikia. Naijua. Vipi naijua?

Jumamosi, 13 Septemba
Nasra kaja Bahla. Hatukuwa tumesema tangu shambani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, miwani hakuvua.

“Ungeniambia mimi, Dada. Kwa nini mbele ya watu?”

“Kwa sababu mbele ya watu ndiko ulikoichukulia.”

Akakubali kwa kichwa. Akasema Dina kamweleza kwamba wao, kabla ya siku yao ya kufunga, humwendea kila waliyemkosea mmojammoja; Mungu hawasamehe watu na hali wenyewe hawajaombana radhi. Nikasema hata sisi tunalijua hilo. Akasema ndiyo, basi amekuja. Akaniomba radhi kwa ile hadithi.

Nikakasirika. Hata kwenye kuomba radhi kanitangulia.

Nikamwomba na mimi, kwa kumvunjia heshima. Alichukua muda. Akasema bado, ila atafika. Nimelipenda jawabu hilo kuliko kama angesema yamekwisha.

Dina alishaelezwa yote, kwenye gari, Mama mwenyewe kataka. Sasa anataka kibanda kiwe cha Mama, habari yake ya kweli. Mama kwanza alikataa. Jana kakubali, kwa sharti nyumba ya Al Qabil isitajwe. Aliyewafungia mlango keshakufa, na Ammi Said hana kosa. Sharti la pili: aende mwenyewe akakione.

Kwa hiyo wanakwenda Manchester wawili. Mimi nina oda ya hoteli moja, nabaki na tanuri.

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimewapeleka uwanja wa ndege. Mama kavaa koti la Nasra, limempita magoti. Wamepiga picha pamoja. Mimi ndiye niliyewapiga.

Nimelia kwenye maegesho. Si kwa kuwakosa. Kwa wivu, wa mdogo wangu na wa mama yangu mzazi. Umri huu.

Jumanne, 7 Oktoba
Picha zimefika. Chumba cheupe, kibanda katikati. Ukutani pembe la kondoo la kioo, mfano wa lile wanalopuliza mwaka mpya, kazi ya mtu mwingine, na safu ya nguo nyeupe za siku yao ya kufunga. Kibanda chetu kinazifunika zote. Nimeandika chetu.

Kwenye kibao jina la Mama ndilo la kwanza, kisha Nasra. Nimelitafuta langu, ingawa najua halimo.

Alhamisi, 16 Oktoba
Wamerudi. Nilikwenda kuwapokea. Nasra alilala kiti cha nyuma kabla hatujatoka Maskati.

Mama alikaa mbele na mimi. Kasema baridi ya kule haina adabu. Kasema wiki ilipokwisha walikivunja kibanda, kwao ndivyo kinavyofanywa, na hakusikitika.

Tulipovuka Samail akasema kwamba kila siku walimwekea kiti pale mlangoni. Watu walikuja, wazee, watoto wa skuli, Mayahudi na wasio Mayahudi, wakasimama nje wakimtazama, hawajui waingie au wasiingie.

“Nikawaambia karibuni. Wote. Safari hii mwenye nyumba nilikuwa mimi.”

Alikuwa anatetemeka kwa baridi ya kiyoyozi, kalizoea lile koti na sasa kalivua. Nikazima kiyoyozi, nikafungua madirisha. Tukaenda hivyo mpaka Nizwa.