Jina la Arrillaga na Samaki wa Umeme

Jumatatu, 14 Agosto

Baridi ya kugandisha povu kwenye brashi! Wateja wachache. Waldemar, yule mstaafu wa posta, kaja — si kunyolewa, kuota hita yangu bure. Basi nikamwonyesha tena ule ukurasa nilioutia fremu juu ya kioo. Utafiti wa Yamila, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi: namna ubongo wa samaki wa umeme unavyojua njia gizani. Na jina liko pale, jeusi tii: Arrillaga. Jina langu! Wasomi zaidi ya mia sita wameunukuu, mpaka Japani.

Akauliza kunukuliwa ndiyo nini. Nikamfundisha: msomi akiandika, lazima aseme hili nimelipata kwa fulani. Akasema, kumbe ni umbea, ila wenye adabu. Mjinga huyu!

Nikampa na kile kisa cha '88 kule kijitoni. Samaki kanipiga shoti, saa yangu ikasimama na redio ya jirani ikaanza yenyewe kupiga muziki wa tango. Yamila hudai umeme wa samaki wale hauwezi kumtekenya hata chura. Alikuwa na miaka sita, atakumbuka nini? Lakini pale ndipo alipoanzia. Nani alimpeleka? Mimi.

Jumatano, 16 Agosto

Yamila kapita. Nikamtengenezea yerba, chai yetu chungu ya kufyonza kwa mrija, akakishika kibuyu chake mpaka kikapoa, hakufyonza hata tone. Nikajua kuna jambo.

Kuna nafasi ya uprofesa, na mwisho wa maombi ni Ijumaa saa sita mchana. Watatazama amenukuliwa mara ngapi. Sasa — sisi hapa mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba, kisha la mama. Wale wa ng'ambo wana moja tu, na mashine yao ya kuhesabu imechanganyikiwa. Makala za mwanzo zimeingia kwa Arrillaga, za baadaye kwa Bruzzone, jina la baba yake. Wamemkata mwanangu vipande viwili! Watu wawili, kila mmoja na nusu ya sifa. Mshindani wake ana jina moja tu, hesabu yake imenona.

— Unganisha yote kwa kistari, nikasema.
— Hapo nitakuwa watu watatu, mjomba.

Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. Lazima achague moja. Vyeti, hati za kusafiria, fedha za utafiti kutoka Japani, vyote vina Bruzzone. Na ule utafiti wetu wa samaki utahamishiwa jina hilohilo.

— Sigusi kitu mpaka uniambie, mjomba.

Nikamwambia nina mteja. Sikuwa na mteja.

Bruzzone! Yule aliyekwenda Australia kutafuta kazi, akapata na mke. Hajui kama mwanawe anasomea samaki au viatu.

Alhamisi, 17 Agosto

Nimemchana mteja sikio — kidogo tu, lakini mimi! Mimi niliyemnyoa kipa wa timu ya taifa asubuhi ya fainali! Waldemar akauliza kipa gani. Siri ya kazi, nikamjibu.

Nimempigia Yamila. Je, akichagua Arrillaga? Akasema inawezekana, ila kubadili vyeti vyote ni miezi, na kesho ndiyo kesho. Lakini nikisema Arrillaga, ataandika Arrillaga, liwalo na liwe. Nikamwambia bado nafikiri. Nafikiri nini? Nimefagia chumba kilichokwisha kufagiwa.

Ukurasa ule wa fremu aliuleta mwenyewe, ungali na joto la mashine. "Nimeweka jina lako, mjomba." Sikumwomba! Nililia, nikasingizia losheni.

Waldemar naye: "Sasa Eladio, wakikuondoa Japani, utakuwa maarufu wapi?" Nikamzimia hita.

Ijumaa, 18 Agosto

Saa nne. Nimeishusha fremu. Nyuma yake ukuta ni mweupe, kama mkanda unavyoacha alama kiunoni. Waldemar kauliza kulikoni. Nikamjibu nafuta vumbi.

Saa tano. Nimempigia. Nikasema: weka Bruzzone, mwanangu, samaki hasomi majina. Akasema, "Nimekusikia, mjomba," akakata. Amenisikia — sawa, lakini ameandika lipi? Nikapiga tena, hapokei.

Saa sita na nusu. Mteja mgeni kwenye kiti, kijana wa benki. Nikaanza kumsimulia habari za daktari wetu wa ubongo anayesomwa mpaka Japani. Akauliza anaitwa nani, amtafute kwenye simu. Nikafungua mdomo. Wembe hewani. Waldemar ananitazama kama anatazama penalti.

— Ni mpwa wangu, nikasema.
— Sawa, lakini jina?
— Mpwa wangu, bwana! Inamisha kichwa.

Kijana keshaondoka. Naandika kwenye kiti chake, fremu mapajani. Yamila huyo, kashuka basi ng'ambo ya barabara, anangoja magari yapite. Ana bahasha mkononi, saizi ya ukurasa wangu. Anacheka au ni upepo? Na Waldemar, ambaye hakuna aliyemwomba, amekwishatoa nyundo kwenye droo yangu na anauliza msumari wa fremu upandishwe au ubaki palepale —