Kiwiko Changu cha Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu amejikata tena. Safari hii ncha ya kidole cha shahada, msumeno umeondoka nayo. Eti alisinzia akiwa amesimama, ubao mkononi — saa nne asubuhi! Pale karakana wanamwita Jenereta, kwa anavyokoroma mchana juu ya marundo ya mbao. Na mimi nimelicheka jina hilo miaka yote. Leo halinichekeshi.

Waliomshona walimpima presha, hawakuipenda. Keshokutwa, daktari wa moyo.

Jumatano, 6 Machi

Daktari ni mwanamke mfupi, hana papara. Aliniuliza mimi, si yeye: akilala, pumzi hukatika? Hukatika, nikasema, kisha hushtuka kama mtu aliyeibuka majini. Nilidhani ndivyo wanaume wanavyokoroma.

Akatueleza. Moyo unaongozwa na mishipa ya fahamu ya namna mbili: mmoja huuhimiza, mwingine huutuliza. Usiku ni zamu ya ule wa kutuliza. Lakini pumzi ikikatika, mwili unadhani unakufa, ule wa kuhimiza unaamka, moyo unatimuliwa mbio. Mara mia kwa usiku. Miaka ikienda, hata mchana moyo husahau kupumzika. Wake tayari umeanza kupiga ovyo. Asipotibiwa unaweza kusimama.

Mwenzangu akasema, "Kumbe nalala huku nakimbia. Ndiyo maana naamka hoi." Daktari alicheka.

Tumepewa kifaa cha kulala nacho: mkanda kifuani, kibanio kidoleni. Mashine za kumpulizia mtu hewa usingizini ni chache. Wanaazimwa wale tu ambao kipimo kimewaona wabaya.

Alhamisi, 7 Machi

Amelala nacho. Nimekirudisha asubuhi. Basi.

Jumanne, 12 Machi

Majibu: nafuu. Pumzi inakatika, lakini isiyofika sekunde kumi haihesabiwi, na zake nyingi hazifiki. Mashine hapati. Daktari mwenyewe haelewi, presha ile na usiku huu haviendani. Akatuonyesha mchoro: kila pumzi ikikatika, mwili unatikisika, anavuta. Usiku kucha hivyo hivyo.

Wifi kapiga simu kumshukuru Mungu. Kasema sasa niache kumuuguza kaka yake kwa nguvu.

Jumatano, 13 Machi

Alikuwa anafunga vifungo vya shati, kidole kimoja kikiwa na bandeji. Akanitania: "Mama watoto, kipimo nimefaulu, sasa nipunguzie viwiko. Mbavu za huku zinauma."

Nikakaa kitandani.

Ni mimi. Miaka ishirini na mitatu nalala kulia kwake. Pumzi ikikatika nampiga kiwiko, anavuta. Siamki hata. Mkono unajua wenyewe. Usiku wa kifaa nao nikafanya hivyo hivyo! Kifaa kimepima kiwiko changu, kikasema mume wangu mzima.

Na mwaka juzi, miezi miwili niliyokuwa kwa mama nikimuuguza, alipigwa na nani? Nimelia jikoni, bomba limefunguliwa, asisikie.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda peke yangu nikakiri. Daktari hakunigombeza. Alisema kiwiko kilifupisha tu, hakikuponya: kila nilipompiga, moyo ulishtuka vilevile. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa namtimua. Mimi niliyejiona namlinda!

Kipimo kinarudiwa leo. Sharti ni moja, nisimguse. Mwili wake utamwamsha wenyewe. Nikauliza, na usipomwamsha? Akasema mpaka leo umemwamsha kila mara. Hakuapa.

Muuguzi kanishauri nilale chumba cha binti yetu. Siwezi.

Usiku huohuo

Nimeweka kiti miguuni pa kitanda. Alipojifunga mkanda aliniambia, "Usinihurumie. Uniache nifeli vizuri." Akalala kabla sijamjibu.

Anakoroma. Nani angeniambia nitausikiliza mkoromo huu kwa shukrani.

Umekatika. Sekunde kumi na nane. Akavuta.

Tena. Ishirini na tano. Akavuta, kifua kizima kikaruka. Taa ya kifaa inawakawaka kijani, inaandika. Ndicho tunachokitaka, Mungu anisamehe — awe mbaya.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeukalia.

Kimya. Ishirini. Tumbo linapanda, hewa haiingii. Thelathini. Mdomo uko wazi kama anataka kuniambia kitu. Thelathini na nane. Vuta, baba. Arobaini na tatu. Mkono umetoka wenyewe. Nimeurudisha. Arobaini na tisa. Hamsini na