Nafuata Kitabu Hadi Nukta, Mke Wangu Anakula Kazini

Mshauri wetu wa ukurasa wa nyuma, shikamoo. Kabla hujaanza kunipa pole nikuambie mapema kwamba sijaandika ili unihurumie, nimeandika unisaidie, kwa sababu mimi jambo nikishalianza silirudii nyuma, na haya maji ya jikoni nimeshayavulia nguo, lazima niyaoge.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko hapa hapa nyumbani uani, natengeneza makabati, milango na vitanda, na mke wangu ni muuguzi, na tuna watoto wawili, mkubwa ni binti yuko sekondari. Zamani mke wangu alikuwa na kazi ya mchana tu na ndiye aliyekuwa akipika, lakini walipomhamishia wodi ya zamu akawa anarudi hoi, miguu imevimba, anavua viatu mlangoni anakwenda moja kwa moja jikoni, na mimi nimekaa sebuleni nasubiri sahani kama mgeni, mpaka siku moja nikamkuta amesinzia kwa kusimama, mwiko mkononi, sufuria inatokota, nikasema moyoni hapana, huu si uungwana, mwanaume mzima nina mikono miwili, kwa nini nisipike mimi. Nikamwambia, "Mama watoto, kuanzia kesho jiko ni langu." Akacheka, akasema, "Wewe hata chai unaiunguza." Nikamjibu tutaona.

Kupika nilikuwa sijui, ukweli usemwe, ila kulikuwa na mteja wangu, mwalimu mstaafu, nilimtengenezea kabati la vitabu, naye alipokuwa anavipanga akakutana na kitabu kinene cha mapishi akanipa, akasema yeye macho yamechoka. Mshauri, kitabu kile kilinikamata. Mimi nilidhani kupika ni mambo ya kukisia, kumbe ni vipimo, unga gramu kadhaa, siagi gramu kadhaa, moto nyuzi kadhaa, nikasema aa, lugha hii naijua, ndiyo ninayoongea kila siku na mbao.

Mkate wa kwanza niliugonga mezani ukaitika. Binti yangu akaniuliza kama akaniletee msumeno. Sikukata tamaa, nikaoka mwingine, ukatoka mbichi katikati, nikaoka tena, na keki nazo zilikuwa zinaumuka upande mmoja tu zinafanya mlima, mpaka nikaingiza pima maji ndani ya oveni nikakuta rafu yake imeinama, nikaisawazisha, na tangu hapo keki yangu ukiiweka mezani utadhani imepigwa randa. Majirani wanaomba vipande. Na vyakula vya kila siku pia napika, wali, maharage, supu ya mboga, kuku wa kuoka, na vyote nafuata kitabu hadi nukta, kikisema kitunguu kikatwe nusu sentimita nachukua rula, na sionji chakula kikiwa jikoni kwa sababu kitabu hakijasema nionje, na mimi najua mlango uliopimwa vizuri unaingia kwenye fremu bila kubembelezwa.

Jiko lenyewe nalo nimelijenga upya. Yale makabati ya zamani yalikuwa yamelegea, nikayang'oa yote, nikaweka rafu za mbao ngumu ukutani, nikazipaka vanishi, vikopo nimevipanga kwa alfabeti, nikisimama mbele ya jiko nanyoosha mkono tu, chumvi hii hapa, sukari ile pale. Mgeni akija hiyo ndiyo namwonyesha kwanza.

Sasa kisa chenyewe. Jumapili moja mke wangu alikuwa mapumziko, akaamka na furaha zake, akasema leo anataka kupika maharage yake. Nikasema karibu. Akasogeza kigoda, akapanda, akashusha kopo la chumvi, akashuka, akakumbuka pilipili manga, akapanda tena, halafu nikamwona anachota chumvi kwa vidole anairusha tu ndani ya sufuria huku anaimba, na hapo nikashindwa kunyamaza, nikafungua kitabu, nikamwambia kwa upole kabisa, "Hapa imeandikwa kijiko kimoja cha chai. Wewe umeweka kiasi gani?" Akasema, "Ya kutosha." Nikamuuliza, "Ya kutosha ni gramu ngapi?" Naapa sikuwa na ubaya, nilitaka kujua. Akaniangalia, akaulaza mwiko juu ya sufuria, akazima jiko, akasema, "Basi pika wewe na kitabu chako." Akaenda chumbani. Nikayamalizia maharage kama yalivyoandikwa, nikamwita, akasema ameshiba.

Tangu siku hiyo hanuni wala hagombi, ananisalimia vizuri, anacheka na watoto, lakini chakula changu hagusi. Kila nikipakua anasema, "Nimekula kazini." Nimeoka keki ya ndizi, amekula kazini. Nimepika supu, amekula kazini. Nikaamini, kumbe juzi binti alipotoka kwenda dukani akamkuta mama yake amekaa kwenye ngazi nje ya geti, na sare zake, anamalizia mkate mkavu wa kununua kabla hajaingia ndani. Mkate wa dukani, mshauri, na wangu uko mezani umefunikwa kitambaa. Iliniuma mno. Nilikwenda karakana nikapiga randa ubao ambao haukuhitaji.

Na Jumamosi hii mama mkwe wangu anakuja. Nimeshaandaa kila kitu kutoka kwenye kitabu, supu, kuku, viazi vya kuoka na keki ya machungwa. Lakini jana mke wangu amesema kwa sauti ya kawaida tu kwamba atamchukua mama yake wakale kwa dada yake, mimi nisijisumbue. Mama mkwe aje kwangu akalishwe kwa shemeji yangu, nitaiweka wapi sura yangu. Na si sura tu, nasema wazi, namtaka mke wangu mezani. Nilianza kupika kwa ajili yake, na sasa nyumba nzima inakula isipokuwa yeye.

Kwa hiyo nishauri, nimpigie simu shemeji azungumze naye, au nimweleze mama mkwe atuamue, au labda kitabu nilicho nacho kimepitwa na wakati, nitafute kipya kikubwa zaidi? Kupika siachi, hilo ulijue. Nionyeshe tu kipimo gani nimekosea.

Ni mimi, Seremala Mpishi.

*

Marahaba, Seremala Mpishi. Pole hukuitaka, sikupi. Pongezi ninayo moja, ipokee upesi maana baada ya hapo nakugombeza. Ulimwona mkeo anasinzia na mwiko mkononi, ukanyanyuka. Wanaume wangapi wananiandikia hapa kwamba mke anachelewesha chakula, ukichimba unakuta mke mwenyewe ametoka kazini hajakaa. Wewe ulinyanyuka, ukakosea, ukaoka tena. Kupika usiache, na akikucheka mtu mwambie mshauri amesema.

Haya, tuanze. Barua yako nimeirudia, maana nilidhani nimeruka mstari. Umeniambia unene wa kitunguu. Umeniambia oveni ilikuwa imeinama. Vanishi umeniambia, alfabeti umeniambia. Mkeo anapenda kula nini, hakuna. Barua ndefu yote hii ya mwanaume anayetaka mkewe ale, na chakula anachokipenda hakimo. Halafu unaniuliza kama utafute kitabu kikubwa zaidi. Baba, kitabu hakina kosa, kiache kipumzike.

Na hilo swali lako la gramu. Mwenzio anapika kwa vidole vile vile tangu siku uliyomwoa, ukala, ukanawiri, ukaomba uongezwe, hukumwuliza gramu hata siku moja. Leo umejua kuoka mkate ndiyo umkague mbele ya sufuria yake, siku yake ya mapumziko, akiwa anaimba? Mtu huko wodini anahesabu vidonge na matone zamu nzima, anakaguliwa na kila anayepita. Amerudi kwake apumue, amekuta mkaguzi mwingine kasimama na kitabu. Mimi nami ningezima jiko.

Kuhusu kutoonja, tuelewane. Kwenye keki na mkate uko sahihi, pima, na asikutanie mtu, hamira haina mzaha. Lakini maharage ya leo si ya jana, mengine ya zamani, mengine mapya, nyanya hii chachu, ile tamu, na mtu aliyeandika kitabu hakuliona gunia lako. Wewe mwenyewe mlango ukivimba kwa mvua unashika randa, humwambii mteja kwamba kipimo kilikuwa sawa. Kuonja ndiyo randa ya jikoni. Chukua kijiko uonje.

Sasa sogea, nikuambie kilichonikera hasa. Umeandika kwa mkono wako kwamba alisogeza kigoda, akapanda, akashuka, akapanda tena. Ukaandika, ukapita, kama mtu aliyeona paka barabarani. Miguu ile ile iliyovimba, iliyokufanya uingie jikoni, sasa inapandishwa kigoda kutafuta chumvi, na aliyeiweka chumvi juu ni wewe. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema mtaka chumvi nyumbani kwake sharti apande.

Akija mteja anataka kabati la jikoni, unaanza na nini? Unampima, unamwambia mama hebu simama hapa. Mkeo hukumsimamisha popote. Ulijipima wewe, ukanyoosha mkono wako wewe, ukakaza skrubu. Hapo ndipo ulipokosea kipimo, maana umeuliza. Ulitaka kumpunguzia kazi, ni jambo jema, lakini umebeba kazi ukabeba na jiko zima, na yeye amebaki mgeni anayeshangaa vikopo vyenu vimekwenda wapi. Mgeni akiona hatakiwi, anakula nje kabla hajaingia. Ndivyo anavyofanya pale kwenye ngazi, na najua si kwa jeuri, maana mwenye jeuri angelikula mbele yako.

Basi sikiliza. Shemeji yako usimpigie simu. Mama mkwe naye anakuja kumwona mwanawe, haji kuamua kesi, mwache mama wa watu apumzike. Ongea na mkeo mwenyewe, na usimhutubie. Mwambie, "Nilikosea, nisamehe," kisha funga mdomo, hata kama una maelezo. Najua unayo maelezo.

Halafu mwambie kwamba Jumamosi unaomba mpike wote. Maharage ni yake. Mkate na keki ya machungwa ni yako, na mlango wa oveni asiuguse mtu. Yeye akiwa kwenye sufuria yake, kitabu kifungwe. Akikuambia katakata kitunguu, katakata, na rula ibaki karakana. Akikuletea mwiko uonje, onja, useme unaonaje, na kama chumvi imepungua mwambie, chumvi ataiongeza kwa vidole na wewe utatazama kwingine. Siku za zamu yake endelea kupika kama kawaida, lakini asubuhi kabla hajatoka muulize swali dogo tu, "Leo ungependa nini?" Akijibu, pika hicho. Kama hakimo kwenye kitabu, atakufundisha, na wewe kufundishika unaweza, nimeona ulivyohangaika na mkate.

Akishikilia kwamba wanakwenda kwa dada yake, usibishe wala usinune. Oga, vaa vizuri, funga mkate wako kwenye kitambaa, uende nao. Ulisema unamtaka mezani, hukusema meza ya nani. Kaa naye pale, mle, mrudi pamoja, na Jumapili ujaribu tena. Mtu aliyeoka mkate wa kuitika kama mlango akarudi kuoka mwingine hawezi kushindwa na hili.

Lakini kabla ya hayo yote, leo hii, ukiweka gazeti chini, chukua bisibisi ushushe ile rafu ya chumvi. Na usiipime kwa tepu. Msubiri mkeo arudi kazini, kigoda ukitoe nje, umwombe asimame mbele ya jiko, miguu chini, anyanyue mkono bila kujivuta. Pale vidole vyake vinapofika, piga mstari.