Vidonge Vilivyochemshwa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inaninyonya. Tumbo lako je, bado limegoma?

Kwa kuwa simu unaikimbia, naandika. Pokea vidonge. Ndani mna bakteria hai, wale wazuri. Hapa maabara naweka kipande cha utumbo wa panya kwenye maji ya uvuguvugu, nakigusisha waya wa kupimia, naongeza hao bakteria, basi mishipa ya fahamu inaamka na utumbo unajikunja wenyewe. Yako imechoshwa na kisukari, ndiyo maana chakula hakisogei. Achana kwanza na foleni ya daktari. Nipe wiki nne.

Mwanao


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Shangazi yako anakusalimu, bado anapika kama analisha jeshi. Vidonge natumia kila asubuhi na tumbo limefunguka, chooni nakwenda bila kubembelezwa. Waambie wakubwa wako kwamba baba yako si panya, lakini amepona.

Baba yako


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wenzangu wote, furaha niliyo nayo haisemeki. Natuma chupa mbili zaidi. Usiache. Daktari wa nini tena?

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Mimi si mzima, wala sikupona. Nilikudanganya nisikuvunje moyo.

Uliandika bakteria hai. Miaka thelathini na moja kazi yangu hospitali ilikuwa kuchemsha vyombo vya upasuaji, na mdudu mmoja akiniponyoka, mgonjwa anaoza kidonda. Ningewezaje kuwameza wakiwa hai? Vidonge nilivichemsha dakika ishirini kila siku, nikanywa yale maji. Sasa siku ya tisa sijapata haja, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Shangazi yako amenileta hospitali kwa nguvu. Wananipasua Alhamisi.

Nisamehe. Niliiua dawa yako.

Baba yako


8 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole sana. Shangazi kanipigia, anasema umepasuliwa na kuongea huwezi. Ukipata nguvu, isome hii mwenyewe.

Daktari amekuta uvimbe umeziba utumbo. Uvimbe, Baba, si mishipa. Hata ungevimeza vidonge bila kuvichemsha, visingeuondoa. Hukuua kitu. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye foleni ya daktari, mara mbili, bila hata kukugusa tumbo. Najichukia. Pona uje unikaripie.

Mwanao


21 Juni

Baba,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yangu ilifika siku mbili baada ya mazishi. Shangazi amenirudishia bila kuifungua. Ningeweza kumwambia yote kwa simu siku ile ile, akakunong'oneza sikioni. Niliona haya.

Ndani ya bahasha ametia karatasi tatu. Anasema kabla hujapasuliwa, kila zamu ilipobadilika, ulimshika nesi mkono akuandikie. Miandiko ni mitatu, maneno ni yale yale: binti yangu asilaumiwe, dawa yake ilikuwa nzuri, niliiharibu mwenyewe.

Mwanao