Pikipiki Ndani ya Nailoni

Jumamosi, 26 Aprili

Sare, sare, sare. Shule zinafunguliwa na kila mzazi wa Kayole amekumbuka leo kwamba mtoto wake amerefuka. Mgongo unaniuma. Lakini leo nimeinamia cherehani nikitabasamu peke yangu mpaka Mama Brayo wa kibanda cha pili akaniuliza nimekunywa nini. Nikamwambia. Siri hainikai.

Pikipiki imefika. Mchungaji amenifichia kanisani. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ndiyo imeinunua, na akiba yote ya cherehani. Ni nyekundu, bado iko ndani ya nailoni. Kesho baada ya ibada mume wangu, Baba Sharon, ataiona.

Mwaka mzima nimemtazama akibeba saruji kwa kibarua na ule mguu wake. Tangu lori la mchanga limwangushe Kangundo Road na ile pikipiki ya zamani kugeuka vyuma chakavu, mume wangu amekuwa mgeni kwake mwenyewe. Anakula, anasema asante, analala. Hata kugombana hataki. Kosa halikuwa lake, polisi wenyewe walisema. Nataka yule Barasa wa zamani arudi, aliyekuwa akinipigia honi kutoka kona.

Jumapili, 27 Aprili

Wamama walipiga vigelegele. Mchungaji akamimina mafuta kwenye usukani, sote tukaiwekea mikono pikipiki, tukaombea breki, magurudumu na abiria. Baba Sharon alisimama katikati. Alitabasamu kwa picha. Niliposhika mkono wake ulikuwa baridi. Furaha hiyo, nikasema.

Wakamwambia aiwashe wasikie mlio. Akasema haiwezi kuwashwa ovyo, haina namba wala bima. Akaisukuma hadi nyumbani, Sharon akiwa juu, nusu ya kanisa nyuma yetu. Sijafurahi hivi tangu nimzae huyo mtoto.

Ijumaa, 2 Mei

Namba imetoka. Bima iko. Leseni yake bado haijaisha. Anasema barabara za sasa zinataka vyuma vya kukinga miguu, tena si vile vyembamba vya dukani. Nimekubali. Nani angekataa, kwa mguu ule?

Jumatano, 7 Mei

Fundi wa kuchomelea amemaliza vyuma vya miguu. Jana ilikuwa keria ya nyuma. Kesho vioo vikubwa zaidi. Nailoni bado haijatolewa, eti rangi isichubuke wakati wa kuchomelea.

Jana pia aliniomba nimshonee turubai la kuifunika. Nimetumia kitambaa kizuri cha buluu na kutia mpira pembeni. Sasa imelala chini ya ngazi za ploti tunayopanga, imefunikwa gubigubi. Watoto wanaiita mgonjwa. Leo mmoja ameniuliza, "Mama Sharon, mgonjwa ameamkaje?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba Sharon hakucheka.

Ijumaa, 9 Mei

Chuma cha mbele nacho. Nimemwuliza kama anatengeneza pikipiki au kifaru cha jeshi. Akasema nisiwe na haraka.

Mama Brayo naye, mbele ya wateja, anataka kujua kama pikipiki yetu ni ya barabara ama ya maonyesho. Nilimkasirikia kwa sababu amesema ninachofikiri.

Jumatatu, 12 Mei

Ameenda kazini. Hatimaye!

Alivaa koti la kung'aa na helmeti, akaisukuma hadi nje ya geti ili asiwaamshe watu wa ploti. Nilitega sikio nisikie ikiwaka. Matatu za Spine Road zilinizuia. Jioni ameleta pesa, akaziweka mezani. Si nyingi. Anaanza upya, atazoeleka.

Nimepika kuku. Tumekula kama watu wa sikukuu, ila yeye alikula kidogo.

Ijumaa, 16 Mei

Suruali yake imelowa hadi magotini. Leo mvua haikunyesha. Nimeuliza, akasema madimbwi.

Tena ananukia sabuni. Si hii yetu ya mche. Ni sabuni ya maji, yenye harufu tamu. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua mchana kutwa. Na Barasa hajawahi kufua hata soksi.

Sipendi ninachofikiri.

Jumapili, 18 Mei

Nilikosea jana kumwambia Mama Brayo. Akasema, "Mwanaume akirudi ananukia sabuni, jua kuna mahali ameoga." Wanawake wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Halafu nikaenda chooni nikalia, na choo cha pale sokoni si mahali pa kulilia.

Namchukia. Nimekaa juu ya cherehani miaka nikamnunulia pikipiki ya kumpeleka kwa mwanamke mwingine. Leo kanisani sikuimba.

Jumanne, 20 Mei

Nimefunga kibanda mapema nikaenda steji yao ya bodaboda. Mwenyekiti wao ni Odhis, aliyemfikisha Baba Sharon hospitalini siku ile ya ajali. Nikamwuliza mume wangu ameenda upande gani. Akanitazama kwanza. Akasema, "Mathe, si nikuambie tu ukweli? Barasa hajafika hapa hata siku moja. Sisi tulidhani hiyo nduthi yake mpya mmeiuza." Kisha kwa upole akaniambia nijaribu kule chini karibu na daraja, wanakoosha magari.

Nilishuka nikiwa nimemwandalia huyo mwanamke maneno yake yote.

Hakukuwa na mwanamke. Nilisimama nyuma ya kibanda cha mihogo. Baba Sharon alikuwa amevaa gambuti, amechuchumaa, anasugua spoki za pikipiki ya mtu kwa brashi. Povu hadi viwiko. Yetu ilikuwa imeegeshwa chini ya mabati, nailoni yake yote mwilini. Mwenye pikipiki akasema kitu, Baba Sharon akacheka. Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma. Kicheko hicho sijakisikia nyumbani tangu ajali.

Nilirudi bila kujionyesha. Nilimshukuru Mungu kwa hatua chache. Halafu akilini nikamwona kila aliyekuwa kanisani siku ile, kila aliyepiga kigelegele, nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Mume wangu anaosha pikipiki za wenzake. Na wote wanajua isipokuwa mimi.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwuliza. Sharon alikuwa kwa jirani.

Hakukana. Amesema akikaa juu ya ile pikipiki miguu inakufa, na anasikia breki za lile lori hata pikipiki ikiwa imezimwa. Anaisukuma kila asubuhi, anaisukuma kila jioni. Hivyo vyuma vyote vilikuwa vya kuvuta siku. Nikauliza kwa nini hajatoa nailoni. Akasema ili tukiiuza isionekane imetumika. Alikuwa anatafuta siku ya kuniambia.

Kisha akasema, "Ungeniuliza, Mama Sharon." Polepole hivyo tu.

Ni kweli sikumwuliza. Niliuliza chama, nikauliza mchungaji, nikauliza mwenye duka. Kwa kuwa ni kweli, niliumia, na nilipoumia nikafungua mdomo. Nikamwambia wanaume wengine huanguka wakaamka. Nikamwambia Sharon asije akajua baba yake ni mwoga.

Nimeyasema mimi, kwa kinywa changu. Yeye alikunja shati lake taratibu akalala akitazama ukuta.

Alhamisi, 22 Mei

Ninaandika kibandani, kwa sababu mikono imekataa kushona.

Asubuhi alirarua nailoni yote. Alivuta vipande akavitupa chini ya ngazi, uso hauna kitu. Akapiga kiki palepale getini. Ikawaka mara ya kwanza. Ploti nzima ilisikia. Aliondoka bila kuniangalia, mvua ikianza.

Simu inaita, haishikwi. Odhis anasema alipita steji bila kusimama, akashika njia ya Kangundo Road. Kwa nini huko? Najua kwa nini huko. Nimeshonea mkono wa shati la shule kwenye kola. Kila pikipiki inayopita nasimama. Mama Brayo amekuja na chai akakaa nami bila mzaha hata mmoja, na hilo limeniogopesha zaidi.

Mungu, mimi ndiye niliyemtuma. Akirudi na mguu mmoja nitampokea. Akirudi tu.

Baadaye. Amerudi jua likizama, anaisukuma, amelowa chapachapa, mzima. Alifika mpaka pale lori lilipomgonga. Akapapita kidogo. Halafu akaiweka pembeni, akatapika, akakaa chini ya paa la duka la watu mpaka miguu ikarudi. Hakuweza kuipanda tena. Ameisukuma njia yote.

Mguu umevimba. Nimeukanda kwa maji moto na chumvi. Akasema, "Nimejaribu." Nikasema pole. Nikasema na samahani pia, nikamwambia si mwoga na sijui nani alinipa lile neno. Akanishika kichwa. Nimelia kwenye beseni.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani wameuliza pikipiki iko wapi. Nikasema tunaiuza. Mchungaji akaanza kuhubiri juu ya imani na roho ya hofu, mkono tayari umeinuka kumwelekea Baba Sharon. Nikamkatiza. Mimi, kumkatiza mchungaji! Nikasema mume wangu aligongwa na lori, mimi nikamnunulia pikipiki bila kumwuliza, kosa ni langu, maombi yaje kwangu. Wamama waliopiga vigelegele wakatazama viatu vyao.

Niliona aibu mpaka nikafika getini. Baada ya hapo njaa ndiyo iliyonisumbua.

Jumatano, 28 Mei

Mnunuzi ametoka mtaa wa Umoja, kijana mpole mwenye mke mjamzito. Kwa kuwa nailoni imeshatoka, bei imeshuka. Imeshuka tu, haijatuua.

Baba Sharon alimwelekeza kila kitu. Asiibane injini kwa mwendo wa kasi siku za kwanza. Oili ya kwanza imwagwe mapema. Mnyororo usikazwe sana. Hivyo vyuma vya miguu asivitoe hata wenzake wakimcheka. Alisema hili la mwisho mara mbili. Yule kijana alisikiliza kama yuko darasani. Ilipowaka, Baba Sharon alirudi nyuma hadi ukutani, akabaki hapo mpaka mlio ukaisha. Nilimshika tu mkono.

Chama nimekiambia ukweli. Wengine wamenionea huruma, wengine wamepata habari za wiki.

Jumamosi, 31 Mei

Wateja wachache. Mvua imepungua.

Saa sita nimefunga kibanda nikapika ugali na matumbo, nikatia kwenye bakuli la kifuniko, nikateremka darajani. Sikusimama nyuma ya chochote. Baba Sharon aliponiona aliacha brashi hewani. Nikageuza kreti ya soda nikaketi. Akanawa mikono, akaketi kwenye ndoo. Tukala kutoka bakuli moja, watu wakipita, wengine wa kanisani, wengine wa ploti. Nikawasalimu wote.

Alinionyesha spoki alizokuwa ameziosha. Anajua kila pikipiki ina kasoro gani kwa kuigusa tu. Ameanza kuwaambia wenyewe kabla breki hazijawaangusha. Alikuwa anaongea sana. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu huongea.

Mwendeshaji mmoja akaja kuchukua pikipiki yake, akaizunguka, akaridhika. Akanitazama, akatazama bakuli, akauliza, "Mathe, huyu ndiye mzee wako?"

"Ndiye," nikasema.

Akamlipa Baba Sharon akaondoka. Nami nikabaki kidogo mpaka ugali ukaisha.