Harusi ya Jemadari Isimame Kwanza

Chumba cha uani,
Nyumba ya geti la kijani.
Jumanne, tarehe tisa, asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenza wa marehemu bibi yako,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nguvu ya mkono unaoziandika. Hujambo, mama? Mumeo hajambo? Na huyo kitukuu wangu, ameshaanza kusimama, au bado anatambaa huku akitafuna kamba za viatu vya baba yake? Nimefurahi kusikia kwamba kikohozi kimekuacha.

Hapa sote ni wazima isipokuwa mimi, na mimi nisihesabiwe sana, maana daktari wa moyo ameshaacha kunigombeza kuhusu chumvi. Daktari akiacha kukugombeza, ujue ameshakukabidhi kwa Mungu. Sina huzuni. Nakula kidogo, nalala sana, na kila asubuhi nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Nikijikosa humo, naagiza chai.

Mwandiko utausamehe. Mkono ulionyoosha mistari ubaoni miaka yote ile sasa unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie, lakini maneno ya leo ni lazima yatoke kwangu mwenyewe.

Jumamosi ulipata ujumbe kwenye simu: “Harusi ya Jemadari isimame mpaka upate barua ya babu.” Ukajibu kwamba bwana harusi ameshaogeshwa, na mbwa jike wawili wa jirani yako wanamngoja. Ulicheka, nami nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyekalia mwiba. Simu niliyotumia ni ya mama yako mdogo, na yeye jambo lenyewe alikuwa hajalijua. Sasa analijua. Dereva wa lori la mbao ameahidi kukufikishia barua hii mkononi, basi kaa chini usome yote kabla hujanikasirikia.

Unajua jinsi mama yako mdogo anavyofuga mbwa wa kulinda maduka na maghala. Ana sheria moja asiyomvunjia mtu: mbwa mgeni hukaa peke yake kwenye ghala la kuni mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Sheria nzuri. Wiki ileile uliyokuwa unamngoja Jemadari aletwe kwako, mama yako mdogo alinunua mbwa jike kwa fundi cherehani wa kona, akamfungia humo ghalani. Mbwa huyo alikuwa ameshararua mito miwili na kaptula ya mteja, ndiyo maana akaja na jina la Kisirani.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Nilikuwa nimempenda Jemadari kuliko nilivyowaonyesha. Mbele ya watu nilimwita mla bure, lakini watu wakishageuka alikuwa anapata nusu ya mkate wangu. Nilikubali mwenyewe akupate wewe, maana una uwanja mkubwa wa kuku na wezi wasio na haya. Lakini moyoni nilitaka mtoto wake mmoja abaki mlangoni kwangu kwa siku zilizonibakia. Siku moja kabla ya safari yake wote walikwenda sokoni, na Kisirani alikuwa katika joto lake, analia humo ghalani kama mtu aliyefiwa. Nikachukua mkongojo wangu, nikavuta komeo, nikamwita Jemadari. Sikuhitaji kuita mara mbili. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikawa mshenga, shahidi na mlinzi wa harusi, kisha nikamrudisha kila mtu mahali pake na komeo nikalifunga. Waliporudi walinikuta na gazeti langu.

Tumbo la Kisirani lilipoonekana, mama yako mdogo alisema fundi amemuuzia mbwa mwenye mimba, akafurahia bahati. Mimi nilifurahi zaidi yake, kimya kimya.

Furaha haikufika mbali. Mimba ilipokaribia kukomaa, zikiwa zimebaki kama wiki mbili azae, aliitupa. Watoto walitoka wamekufa. Baada ya hapo akawa anatokwa na uchafu wiki baada ya wiki, lakini mwenyewe hana homa, mkia unacheza, anakula chake na cha jirani. Hilo ndilo lililotuchelewesha. Sisi mbwa mgonjwa tunamjua kwa kukataa chakula.

Mama yako mdogo akamwita daktari wa mifugo, yule mwanamama tunayemwita Daktari Buti kwa sababu ya mabuti yake ya mpira, ambayo nadhani hulala nayo. Alipofika, kabla ya kumgusa Kisirani alivaa glavu, akatufukuza wote pale. Akasema mbwa akitupa mimba iliyokaribia kukomaa, bila kupigwa wala kuanguka, mtu awaze kwanza brusela ya mbwa. Ni ugonjwa wa bakteria wanaokaa kwenye viungo vya uzazi. Dume na jike huambukizana wakipandana, na mbwa wengine hupata kwa kulamba uchafu wa uzazi au mkojo wa mwenzao mgonjwa.

Alichukua damu ya mbwa wote wa uani. Kipimo cha kwanza kilisema Kisirani anao. Mama yako mdogo akashika kichwa, lakini Daktari Buti alikataa kutoa hukumu. Alisema kipimo hicho cha haraka huweza kumsingizia mbwa mzima, akapeleka damu kwenye maabara kubwa. Majibu yakarudi yaleyale. Wenzake wa uani walikuwa safi. Mbwa wa fundi cherehani nao wakapimwa, wakawa safi.

Hapo ndipo daktari alipouliza kama kuna mbwa mwingine yeyote aliyekutana na Kisirani. Mama yako mdogo akajibu bila kupepesa, “Hakuna. Ghala langu lina komeo.” Nami nilikuwa palepale kwenye kiti changu. Nikafunua ukurasa wa michezo, mimi ambaye sijui mpira una pande ngapi. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko ule.

Basi lawama ikabaki kwa fundi. Mama yako mdogo alimwendea na kumwambia amemuuzia maradhi. Fundi hakuinua macho kwenye cherehani yake. “Mbwa wangu wamepimwa, wamepita,” alisema. “Nenda kapime geti lako.” Salamu zikakatika, na gauni la sherehe la mama yako mdogo likabaki huko kwa fundi bila mikono.

Ningekaa kimya mpaka kaburini, na wala si mbali. Kilichonitoa ni ujumbe wako wa wiki iliyopita. Uliandika kwamba Jemadari anajilamba sehemu zake mpaka ngozi imechubuka, kwamba korodani moja imevimba, labda ameumwa na nyigu, na kwamba siku hizi anainuka polepole akijishika mgongo kama babu. Babu aliyasoma hayo, akaiweka chai chini. Daktari Buti alikuwa ameshatueleza dalili za dume: uvimbe pale, kujilamba, baadaye korodani kusinyaa na mbegu kukosa nguvu. Kwa wengine ugonjwa huingia kwenye mifupa ya mgongo, kwa wengine kwenye jicho. Na wengine hawaonyeshi kitu, huvimbisha kifua tu na kuambukiza mtaa mzima.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo ni jirani yangu, nikaona nisimpe kazi hiyo. Jana Daktari Buti alipokuja kumtazama Kisirani, nikamwomba yeye na mama yako mdogo waje chumbani. Nikasema yote, mpaka ile ndoo.

Mama yako mdogo aliutazama mkongojo wangu. Kisha akasema, “Baba, ulitembea mpaka ghalani? Wewe unayesema huwezi kufika chooni bila kushikwa mkono?”

“Siku ile nilishikwa na shauku,” nikamjibu.

Daktari Buti alicheka mpaka akakalia kitanda changu. “Kumbe mshenga tunaye humu ndani, na sisi tunamtafuta kwa fundi.” Halafu akaacha kucheka, akasema, “Mwalimu, ungesema mapema, yule dume angekuwa ameshapimwa.” Maneno hayo hayakuwa na ukali, ndiyo maana yaliniuma.

Nani alimwambukiza mwenzake? Daktari anamshuku zaidi Jemadari. Kabla ya kuja kwako tulimwazimisha mara mbili kwa walinzi wa maghala apande majike wao, kwa ahadi ya kupewa mtoto mmoja. Tuliuliza ukoo, tukatazama meno, tukapima hasira. Kipimo cha damu hakuna aliyekiomba, maana katika kazi hii ingekuwa kama kumuuliza mkwe kama ana upele. Hao walinzi nao wameshaambiwa.

Basi sikiliza, mama. Jemadari asimpande jike yeyote, hata kama jirani yako ataleta barua ya mfalme. Mtenge na mbwa wengine leo hii. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, mweleze habari ya Kisirani kama ilivyo, na kipimo kikisema anao, omba kirudiwe kwa njia nyingine kabla ya kuamini. Kikisema hana, bado kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Na hao majike wa jirani wapimwe pia, wasije siku moja wakamwambukiza dume mwingine.

Kitukuu wangu mwondoe hapo. Daktari anasema ugonjwa huu huwapata watu mara chache, lakini huwapata, na huanza na watoto wadogo, wajawazito, wagonjwa na wazee wa aina yangu. Asilambwe uso, asitambae anapokojoa mbwa. Wewe vaa glavu ukisafisha, toa uchafu kwanza, ndipo umwage dawa ya kuua vijidudu na kuiacha ifanye kazi, kisha nawa kwa sabuni. Mtu wa nyumbani akipata homa inayokuja na kuondoka, mwambieni daktari wa hospitali habari za mbwa, msingoje aulize. Na kama huko kwenu sheria inataka taarifa ipelekwe serikalini, ipelekeni.

Jemadari akikutwa nao, sitakudanganya kwa mara ya pili. Kuna dawa, hutolewa mbili kwa pamoja kwa wiki nyingi. Hupunguza, lakini vijidudu hujificha mwilini na kurudi, kwa hiyo hakuna daktari mkweli atakayekuambia amepona kabisa. Wenye mbwa wengi mara nyingi huchagua kumlaza mgonjwa asiamke, na Daktari Buti hawalaumu. Njia nyingine ni kumhasi, kumtibu, kumpima mara kwa mara, na kumweka peke yake asizae wala asihamie kwa mtu maisha yake yote. Uamuzi ni wako, maana mtoto ni wako. Ukimlaza, nitaelewa, na wala usinifiche.

Kwa Kisirani mama yako mdogo alichagua hiyo njia ya pili. Ametolewa kizazi, anapewa dawa, na ghala la kuni limekuwa lake. Mimi nimekatazwa kumgusa. Lakini mlango wa ghala umetiwa waya, na unatazamana na dirisha langu, nalo lina waya. Basi tunakaa, yeye kwake na mimi kwangu, kila mmoja na dawa zake saa ileile. Yeye hutema vidonge. Mimi nilikuwa natema pia, ila tangu jana namezea mbele yake, ili aone mfano mwema.

Fundi cherehani aliitwa jana jioni, akaja. Nilimwomba radhi, na mama yako mdogo naye akamwomba, huku akitazama ukuta. Gauni litapata mikono. Mimi ameahidi kunishonea shati, nikamwambia kola asiikaze, nitalivaa nikiwa nimelala. Alicheka, kisha akafuta macho kwa utepe wake wa kupimia.

Mjukuu wangu, nilitaka mtoto wa Jemadari akae mlangoni ili niondoke nikiwa na mwenzangu. Kwa kutaka hivyo nimekutilia hofu nyumbani kwako. Nisamehe. Ukishapata majibu, yawe mema au mabaya, niletee. Moyo nimeshauambia ungoje, na tangu nilipouambia hivyo jana unatii kuliko ulivyowahi kumtii daktari.

Nisalimie mumeo, na mwambie ile kofia yake bado ninayo na sirudishi. Mbusu kitukuu wangu kwenye nyayo zote mbili. Mama yako mdogo anakusalimu, Daktari Buti pia, na fundi amesema ukija ulete kitambaa. Kisirani anabweka, nitaihesabu kuwa salamu.

Mungu akulindie nyumba yako, akuzidishie kicheko, na akupe wajukuu watakaokuambia ukweli mapema kuliko babu yako.

Wako akupendaye, mshenga aliyejiuzulu,

Babu